Miezi minane ya kujifunza kuona mbali, na karatasi nyeupe ya mdogo wangu

Hii habari ya kuona kitu kilicho mbali bila macho kwangu ilianza na ndege iliyoanguka Zaire, Kongo ya leo. Nilikuwa zamu ya usiku, mimi nakaa mapokezi kwenye gesti moja hapa Dar, saa tisa usiku hakuna mgeni hakuna nini, mbu tu na feni ya mezani inageuza shingo kama mtoto anayekataa uji, nikawa naperuzi na bando la usiku maana ndo la bei rahisi, nikakutana na maneno ya Jimmy Carter. Mwaka 1995, urais wa Marekani alishauacha siku nyingi, aliwasimulia wanafunzi kwamba enzi zake ikulu kuna ndege ilidondoka Zaire, satelaiti za Marekani zikaitafuta wee zikashindwa, jamaa wa CIA, shirika lao la ujasusi, wakamfuata mwanamke mmoja, yule mama akaingia kwenye hali kama ya kupandisha, akataja latitudo na longitudo, wakaelekeza kamera za satelaiti pale alipotaja na ndege ikawa ipo. Ndege yenyewe wanasema ilikuwa ya kivita ya Wasovieti, ndo maana walikuwa na haraka nayo.

Nilicheka peke yangu pale kaunta. Mimi nimekulia Pangani kwa bibi, na Pangani mtu kupandisha halafu akasema ng'ombe wako kafungwa mti gani si habari ya kumpelekea rais. Kilichonishangaza ni kwamba watu wenye satelaiti ndo walikuwa wateja.

Wenyewe wanaiita rimoti vyuingi (remote viewing), mimi nitasema kuona mbali. Mtu anakaa chumbani, anaambiwa kuna tageti, inaweza kuwa mahali fulani au picha iliyofungwa kwenye bahasha, haambiwi ni nini, anapewa namba tu, halafu anaandika na kuchora kile kinachomjia. Basi. Hakuna ubani wala kuku mweusi, ni kalamu na karatasi, na ukimaliza unafungua bahasha unajiona mjinga au unajiona nabii. Mimi nilivutwa na hapo mwisho. Mganga ukimuuliza na akakosea atakwambia umechelewa kuleta mbuzi, lakini bahasha haina mdomo.

Ngoja niseme ilivyoanza maana watu wengi wanaihadithia nusu. Ni mwaka 1972, kwenye taasisi ya utafiti ya SRI kule Menlo Park, California, wataalamu wawili wa fizikia waliokuwa wanashughulika na leza, Russell Targ na Harold Puthoff, wakaanza kupima watu waliodai wana hiki kipaji, na CIA ikatoa hela kwa sababu ilikuwa vita baridi na waliogopa Warusi wametangulia. Mmoja wa watu wao wakubwa ni Ingo Swann, mchoraji wa New York, na huyo ndo alikuja kutengeneza mafunzo ambayo mpaka leo watu wanayafuata. Mwingine Pat Price, mzee aliyewahi kuwa mkubwa wa polisi mji wa Burbank. Mwaka 1974 Price alipewa namba za ramani tu, akachora krani kubwa sana lenye magurudumu linatembea juu ya jengo, na kumbe zile namba ni kituo cha siri cha Wasovieti Semipalatinsk, na picha za satelaiti zilionyesha krani kweli lipo.

Wanaokusimulia huwa wanakomea hapo, wananyamaza kidogo ili usisimke. Hawakwambii kwamba kwenye vikao hivyohivyo Price alitaja mambo chungu nzima ambayo hayakuwepo pale. Krani likabaki kwenye simulizi, mengine yakafagiliwa chini ya mkeka. Hii tabia naomba muishike, maana na mimi niliifanya vilevile na wala CIA hawakunilipa.

Baadae jeshi likawa na kikosi chake Fort Meade, Maryland, jina linabadilishwa kila baada ya muda, Grill Flame, Center Lane, Sun Streak, mwisho likaitwa Star Gate. Kuna askari anaitwa Joseph McMoneagle, mtazamaji namba 001, yeye anasimulia kwamba mwaka 1979 aliona nyambizi kubwa kupita kiasi inaundwa ndani ya jengo kule Severodvinsk, Urusi, wakati wakubwa wake hawaamini. Upande wa pili, Desemba 1981 jenerali wao mmoja, James Dozier, alitekwa Italia, watu wa maono wakamwaga maono ya kila aina, na aliyemtoa ni polisi wa Italia kwa upelelezi wa kawaida wa kukamata watu na kuwahoji. Mradi wote ulifungwa 1995, umeshakula kama dola milioni 20, na ripoti iliyoagizwa na CIA ikasema hakuna hata mara moja habari zake ziliongoza operesheni ya kijasusi.

Lakini kwenye hiyohiyo ripoti kuna kitu kilininyima usingizi, na kwa mtu wa zamu ya usiku ujue ni mchana huo. Waliwapa data ileile wataalamu wawili, Jessica Utts ambaye ni mtu wa takwimu, na Ray Hyman, mwanasaikolojia. Mama Utts akasema kwa vigezo vya takwimu vinavyotumika kwenye sayansi nyingine, hiki kitu kimethibitika. Hyman akasema hapana, halafu akakubali kwamba matokeo yale ni makubwa mno kuyasukumia bahati tu, ila kutokujua sababu si leseni ya kusema sababu ni jicho la tatu. Watu wawili makini, karatasi zilezile, kila mmoja na njia yake. Nikasema ah, hii mimi siwezi kuamua kwa kusoma, acha nijaribu mwenyewe.

Kabla sijaanza nilimpigia bibi. Shikamoo bibi, marahaba mjukuu wangu, za huko, nzuri, nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho akauliza, "Sasa hiyo si ramli, baba?" Nikamwambia hapana bibi, hii ya Wamarekani, mtu unapewa namba halafu unaburuza kalamu haraka bila kufikiri, ule mchoro wa kwanza ndo unaanza kuusoma. Kimya kidogo. "Na yule mzee wetu wa ng'ambo ya mto alikuwa anaburuza kidole mchangani bila kufikiri, halafu anasoma vidoti. Tofauti yenu nini, kalamu?" Nilikosa jibu. Neno lenyewe ramli asili yake ni Kiarabu, mchanga. Nikajitetea kwamba sisi huwa tunafungua bahasha tunajua kama tumekosea. Bibi akasema haya, ila usije ukamtaja jirani yako kwa jina. Bibi anazijua ramli chonganishi, amezika watu kwa ajili yake.

Hilo sharti nililiweka na nimelishika: sitazami watu, sitafuti wezi, sitafuti wagonjwa. Picha tu.

Sasa mafunzo yenyewe. Yale ya Swann yanakwenda kwa hatua, ziko sita, mimi sijawahi kuvuka ya tatu kwa kueleweka. Unaandika namba ya tageti, mkono unatoa mchoro mmoja wa ghafla, mstari tu, unaupitia na kalamu unajiuliza je hiki ni kigumu, laini, maji, kimejengwa na mtu, kinapanda? Hatua ya pili unaandika yale ya kwenye ngozi na pua, rangi, joto, harufu, sauti, ladha, neno mojamoja. Ya tatu unaanza kupata ukubwa na umbo, unachora. Baada ya hapo wenzangu wanaendelea mpaka kufinyanga udongo. Ukisoma hivi unaona rahisi, kaa chini ujaribu uone akili inavyokuchezea.

Maana kuna adui mmoja na waalimu wote wanamtaja. Unaandika "mviringo", unaandika "nyekundu", na kabla wino haujakauka kichwa kinapiga kelele NYANYA! Na ukishasema nyanya umekwisha, kila kitakachokuja baada ya hapo ni cha nyanya, utasikia hadi harufu ya kachumbari. Wao wana jina lao refu la kitaalamu, mimi naliita kimbelembele, maana ndo kilivyo, kinadakia sentensi ambayo hujamaliza kusikia. Dawa yake hukipigi vita, unaandika hilo jina pembeni kulia, unalikata mstari, unaweka kalamu chini, unavuta pumzi, unarudi. Nyanya imeshatajwa, sasa endelea. Kusema kweli huu mtindo wa kuandika pembeni na kukata ndo kitu pekee nilichojifunza ambacho nina uhakika nacho, na nimeshautumia hata kaunta. Kuna usiku kijana aliingia na begi jeusi kubwa, jasho linamtoka, haniangalii usoni, kichwa kikasema mwizi, nikaandika mwizi pembeni nikakata, nikabaki na begi, jasho na macho. Alikuwa kachelewa basi la mkoani na anaona aibu hela yake haitoshi chumba. Machale yalikuwa yamenicheza sawasawa kwamba mtu huyu ana jambo, kimbelembele ndo kilitaka kumwitia polisi.

Mpangilio wangu ulikuwa hivi. Mdogo wangu wa kike ana printa ofisini kwao, nikamwomba achape picha, aziweke moja moja kwenye bahasha, aandike namba nje, aniletee. Mimi usiku nafanya kikao, dakika 20 hivi, halafu kesho yake ananipa picha nne, moja ndo ilikuwa kwenye bahasha na tatu za kusindikiza, nachagua inayofanana na karatasi zangu. Ukiwa na picha nne, mtu asiye na lolote atapatia moja kati ya nne. Hesabu ya sokoni kabisa.

Vikao 12 vya kwanza nilipatia 8.

Sikilizeni, mimi ni mtu mzima, nina mke, nalipa kodi, lakini zile wiki nilitembea kama nina taji. Nilikuwa napanda daladala naangalia abiria kwa huruma. Nilimwambia mlinzi wetu wa gesti, nilimwambia mke wangu akasema "na mbona hujui gesi imeisha?", nilianza hata kufikiria kufundisha watu kwa ada ndogo. Na ndani ya kichwa nilikuwa nayakumbuka yale yaliyopatia kwa undani, yale manne yaliyokosea nilishayapa udhuru, siku ile nilikuwa na mafua, siku ile umeme ulikatika.

Kasoro niliigundua mwenyewe na kwa bahati mbaya. Kikao cha 13, mdogo wangu kaniwekea zile picha nne mezani nyumbani, mwanga wa dirishani unakuja kwa ubavu, nikaona moja ina mkunjo katikati. Mstari mwembamba tu. Bahasha zake zilikuwa ndogo, zile za barua, kwahiyo picha ya kuingia kwenye bahasha alikuwa anaikunja, zile tatu nyingine zinakaa kwenye faili zimenyooka. Mimi na akili yangu yote sikuwahi kuuona ule mkunjo, naapa, lakini jicho lilikuwa linauona. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe na mimi nasema ni hisia.

Nikakaa chini. Kisha nikakumbuka niliwahi kusoma kitu kama hiki nikakiruka kwa sababu kilikuwa kinaniharibia stori. Wale Targ na Puthoff walikuwa na majaribio ya mtu kwenda mahali palipochaguliwa kwa kura, mwenzake kabaki maabara anaeleza anachokiona, halafu hakimu anapewa maelezo yote na orodha ya mahali ayaoanishe. Yakatoka matokeo mazuri ajabu. Wanasaikolojia wawili wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, David Marks na Richard Kammann, wakaomba karatasi wakazisoma, wakakuta ndani ya maelezo kuna maneno kama kutaja tageti za jana, yaani ukiwa na orodha iliyofuata mpangilio wa siku unaweza kujua hii ni ya ngapi. Marks akaoanisha kwa vidokezo hivyo tu, bila kuona lolote kwa mbali. Wakaandika kwenye jarida la Nature mwaka 1978. Upande wa pili nao 1980 wakajibu, wakasema tumefuta vidokezo tukampa hakimu mpya na bado matokeo yapo, wakabishana hapo miaka. Mimi sikuhitaji kumaliza ubishi wao. Mkunjo wangu nilikuwa nao mkononi.

8 kati ya 12 nikaifuta. Nilivyosema nimeifuta ionekane rahisi, haikuwa rahisi, nilikaa na lile daftari siku tatu nikijiambia labda mkunjo umesaidia mara mbili tu.

Tukaanza upya. Safari hii bahasha kubwa za kaki, picha haikunjwi, na baada ya kikao ananitumia zile nne kwa WhatsApp, mimi namjibu namba niliyochagua, ndo nafungua bahasha. Tukakubaliana vikao 40, hakuna kuongeza wala kupunguza, hata nikiwa na mafua kinahesabiwa.

Nitawapa kimoja kwa ukaribu, cha 17, maana daftari liko hapa. Mchoro wa kwanza umetoka kama mdomo wa mtumbwi, mstari unapanda na kujikunja. Nimeandika: kigumu. Kimetengenezwa. Kahawia. Joto la jua. Halafu mistari, imesimama, mingi, inapinda kwa juu, imepangana. Halafu harufu, nimeandika "mafuta, nzito, samaki?". Hapo kimbelembele kikaja na geti. Geti la chuma, lile la nondo zilizopinda kwa juu. Nikaandika geti pembeni ila sikulikata, nililipenda. Nusu ya pili ya ukurasa ni geti tupu: kufuli, bawaba, kutu, ukuta, hadi mbwa nimeweka. Picha zikaja WhatsApp: geti la chuma, mlima una theluji, kapu la mboga, na jahazi linaundwa ufukweni bado halijapigwa mbao za ubavuni, mataruma yako wazi. Nikachagua geti kwa kujiamini sana. Bahasha ilikuwa jahazi.

Mtu wa Pangani mimi. Nimekua nikiona mataruma yamesimama mchangani kama mbavu za ng'ombe, na harufu ya sifa, yale mafuta ya papa wanayopaka mbao, ukiisikia mara moja huisahau. Kila kitu kilikuwa kwenye nusu ya kwanza ya ukurasa, nikakiuza kwa geti. Kwenye hesabu kikao cha 17 ni kosa, kimeandikwa kosa na kitabaki kosa. Ila usinilaumu nikikwambia ndo kikao ninachokikumbuka kuliko vyote nilivyopatia. Na hapohapo najua, mtu aliyekulia pwani akiambiwa aandike harufu yoyote, samaki hawezi kukosa, kwahiyo hata hiyo "harufu" yangu nayo nusu ni mimi mwenyewe.

Halafu kikao cha 23. Siku hiyo mambo yalitiririka, kurasa mbili zimejaa, nimechora paa, ngazi, watu wamekusanyika, sauti ya kitu kinapigwa kwa mpangilio. Picha zikaja, mojawapo ngoma uwanjani, nikajibu namba 2 kabla hata ya kuziangalia zote. Nikafungua bahasha. Karatasi nyeupe. Nikageuza nyuma, nyeupe. Nikampigia mdogo wangu saa kumi na mbili asubuhi, akapokea anacheka, "Kaka samahani, nilitaka tu nijue utaona nini kama hakuna kitu."

Nilikasirika kweli, nikamwambia ameharibu jaribio, huo si uungwana. Nikakata simu. Dakika kama kumi baadae nikachukua daftari nikaanza kulipekua, na mstari wa nne nimeandika "nyeupe". Moyo ukaruka. Nyeupe! Nikatafuta zaidi, nikakuta "bapa", nikakuta "hafifu". Nikawa nimeshaanza kutunga namna ya kumwambia kwamba kumbe niliiona, nilisahau kabisa zile ngazi, watu na ngoma kurasa mbili nzima. Nikampigia tena. Akanisikiliza akasema, "Kaka, andika nyeupe kwenye vikao vyote hutakosa." Kikao hicho tulikiondoa kwenye hesabu tukaweka kingine, lakini ile karatasi nimeibandika ukutani juu ya ubao wa funguo, wageni wanadhani ni tangazo halijaandikwa.

Nilitaka pia kuwaambia habari ya hela kwa sababu mtaniuliza. Namba hazionekani vizuri kwa njia hii, waliojaribu wote wanalia na namba, kwahiyo wakabuni mzunguko: unakipa kila tokeo kitu chake, soko likipanda nitakuonyesha kitu hiki, likishuka kile, mtazamaji anaeleza kitu atakachoonyeshwa baadae. Mwaka 1982 Targ na wenzake walifanya hivyo kwenye soko la fedha, yaani madini ya silva, wakapatia mara 9 mfululizo, wakatengeneza hela ya kueleweka. Mwaka uliofuata wakarudia ikagoma. Mlinzi wetu nilipomhadithia alisikia mara 9 tu. Akanilazimisha tufanye kwa mkeka wake wa kubeti, embe kama Yanga wanashinda, kijiko kama hawashindi. Nikafanya kikao, nikapata baridi, kung'aa, kupinda. Kijiko hicho, hata mtoto angesema. Yanga wakashinda, mlinzi akapoteza elfu tano yake, na wiki nzima akawa ananifungulia geti bila kusalimia.

Zile 40 ziliisha mwezi wa tano. Nimepatia 14. Bahati peke yake ingenipa kama 10. Kuna ndugu yetu anafundisha hesabu sekondari, nikampelekea, akapiga palepale mezani na kalkuleta ya simu, akasema, "Hii ni kama mara moja kwa kumi. Chukua watu kumi kituo cha daladala, wasiojua chochote, wafanye vikao 40 kwa kukisia, mmoja wao atakuletea 14 au zaidi, na huyo ndo atafungua blogu." Tukacheka. Nikamuuliza ingekuwa 18 je, akasema, "Ingekuwa 18 ningevaa miwani vizuri nikuulize picha zilichaguliwaje na nani alizijua." Na hilo ni swali halali, kwa sababu mdogo wangu alikuwa anaijua tageti wakati ananitumia picha, anaweza kuwa anaitanguliza bila kujijua, au anaipiga vizuri zaidi kwa sababu ndo aliishika mkononi. Mkunjo mwingine huo, tofauti ni kwamba huu hauonekani.

Watu wa kwenye hizi shule za mitandaoni wanaouza kozi hawapendi maswali haya, nimejaribu kuuliza kwenye kundi moja nikaambiwa nishati yangu nzito. Sina nishati nzito, nina daftari. Na wanaocheka upande wa pili nao wengi hawajawahi kukaa hata kikao kimoja, hawajui ile dakika ambayo neno linakuja kutoka kusikojulikana, dogo, halina kiburi, tofauti kabisa na kelele za kimbelembele. Mimi naijua hiyo dakika. Inatoka wapi ndo sijui, inawezekana ni mimi mwenyewe chini kwa chini, na kama ni hivyo bado sikuwahi kukaa nayo karibu namna hii kabla ya haya mambo.

Sasa hivi tuko raundi ya tatu. Mdogo wangu kahamia Dodoma kikazi, kabla hajaondoka aliandaa bahasha 40 bila namba, zote saizi moja, akampa jirani yetu mama wa chapati azichanganye azitie namba, na picha za kuchagulia zimeshapangwa nne nne kwenye bahasha nyingine iliyo ndani ya ile kubwa, zimechapwa upya ili hakuna iliyoshikwa zaidi ya mwenzake. Hakuna binadamu anayejua ya ngapi ina nini. Mama wa chapati aliuliza hizi ni za harusi ya nani. Nimefanya 6, nimepatia 1.

Ya 7 iko hapa kaunta, pembeni ya kitabu cha wageni, saa tisa na robo, feni inakataa uji. Nimeshafika nusu ukurasa. Kinakwaruza. Kijani kwa juu. Magamba, au miraba imepangana. Utamu halafu ukali kwenye ulimi. Kichwa kinanipigia kelele nanasi, nanasi, nanasi, hadi mate yananitoka. Nimeandika nanasi pembeni kulia, nimelikata mstari, nimeweka kalamu chini. Kuna taa za bajaji zinaingia getini, mgeni huyo.